Yeboyebo: Shule Zilizochekwa Nchi Nzima

Chalii wa Chuga aliyemaliza la saba miaka ya tisini alijua kabisa mambo yalivyo. Wachache wa kuhesabika watachaguliwa kwenda sekondari. Waliobaki wataenda gereji, kupiga debe stendi, au kushuka Mererani kuwa wanaapolo. Na sio kwamba wote walifeli. Wengi walifaulu, ila nafasi hakuna. Ilboru yenyewe ipo hapo hapo kwenye miteremko ya Meru, lakini ilikuwa inabeba vichwa kutoka nchi nzima, sio mtoto wa jirani anayechunga mbuzi nje ya uzio.

Mwaka 2002 ada ya shule ya msingi ikawa imefutwa, watoto wakajaa madarasani. Hao wote wangeenda wapi baada ya la saba? Mpango wa sekondari (MMES) ulianza 2004, ila moto wenyewe uliwaka 2006, Waziri Mkuu akiwa Edward Lowassa, mbunge wa Monduli. Kila kata iwe na sekondari yake! Wananchi wakachangishwa hela, mawe na mchanga. Mtendaji wa kata akipita, asiye na kitu anajifungia ndani kimya.

Mwaka 2005 nchi ilikuwa na sekondari kama 1,700. Kufika 2010 zilikuwa zimevuka 4,000. Hiyo sio mchezo.

Halafu kitaa kikazibatiza: yeboyebo, kama vile viatu vya plastiki vya bei chee. Walimu nao wakapewa lao. Vijana waliotoka kidato cha sita wakapigwa mafunzo ya wiki chache na kuingizwa darasani, watu wakawaita voda fasta, kama vocha ya simu. Utani ulikuwa mtamu, ila uliuma, maana ulikuwa na ukweli. Kemia ilisomwa bila maabara, chupa zinachorwa ubaoni. Mtoto aliyesoma Kiswahili miaka saba anaambiwa kuanzia leo ni Kiingereza tu. Binti anatembea kilomita kibao kwenda na kurudi, au anapanga gheto peke yake, na akipata mimba ndio basi, shule kwaheri. Mlango wa kurudi darasani ulifunguliwa mwishoni mwa 2021.

Bili ikaja Februari 2013. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka, watahiniwa zaidi ya 240,000 walikuwa na ziro, yaani sita katika kila kumi. Ikaundwa tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Aliyechekwa zaidi ni dogo wa kata, kana kwamba yeye ndiye aliyejenga shule bila maabara.

Lakini wapo waliotoboa. Yeboyebo imetoa manesi, walimu na wahandisi ambao bila hiyo wangeishia la saba. Ada ya 20,000 kwa mwaka nayo ikaondoka 2016. Na Lowassa alipofariki Februari 2024 na kuzikwa Monduli, rambirambi nyingi zilitaja shule za kata, bila kicheko safari hii.

Siku hizi jina la yeboyebo halisikiki sana. Ila konda wa Hiace akiona sare kituoni, bado anaangalia pembeni.