Riwaya Isiyo na Mdhamini: Pendekezo la Msomaji kama Kazi ya Uhakiki

Anayetaka kujua riwaya mpya ya Kiswahili hupitia mikono ya nani kabla ya kumfikia msomaji, aanzie Mikocheni, Dar es Salaam. Ndiko iliko Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), yenye dhamana ya mitaala ya shule na inayoratibu pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Katika eneo la viwanda vidogo la huko huko vimo vyombo vya habari vya IPP, gazeti la Nipashe likiwemo. Na ndani ya mitaa ya Regent Estate kuna Soma Book Café, iliyoasisiwa na Demere Kitunga, mhariri ambaye awali alianzisha kampuni ya uchapishaji ya E&D pamoja na mwandishi Elieshi Lema. Hapo watu hukaa na vitabu, wakasoma, wakabishana. Shule, gazeti na baraza la wasomaji vimekaribiana kiasi kwamba bajaji moja ingevizungukia vyote kabla ya adhuhuri. Hata hivyo riwaya ya mwandishi asiye na jina inaweza kuchapishwa, ikauzwa nakala chache kwa ndugu na marafiki, ikatoweka, bila hata kimoja kati ya vyombo hivyo kuigusa.

Sababu inayotajwa kila mara ni kwamba Watanzania hawasomi. Sikubaliani nayo. Watu hao hao wanaolaumiwa kwa kutosoma wanalipia simulizi za vipande vipande kwenye makundi ya WhatsApp, na kabla yao wazazi wao waligombania riwaya za Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Hoja yangu ni nyingine: kwetu kitabu kipya hakisomwi mpaka kipate mdhamini, na udhamini tumeuachia mamlaka mbili tu, shule na tuzo. Msomaji wa kawaida hajapewa nafasi ya kudhamini. Sisi wahakiki, ambao ni wasomaji wenye mafunzo, nafasi hiyo tunayo ila tumeiacha wazi.

Tuitazame shule kwanza. Kizazi kizima cha waliomaliza kidato cha nne kitakutajia bila kusita Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu, kisha tamthiliya za Orodha, Ngoswe na Kilio Chetu. Walizisoma kwa sababu zilikuwa vitabu teule, na wengi wao waliishia hapo. Orodha ya vitabu teule ina faida zake. Bila hiyo wachapishaji wengi wangekuwa wamefunga ofisi zamani. Lakini inamzoesha msomaji kwamba kitabu huteuliwa na mtu mwingine, aliye juu yake, na kwamba swali la kuuliza juu ya kitabu ni lile litakalotoka kwenye mtihani: dhamira, wahusika, mandhari, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Mtu aliyefunzwa hivyo, ukimpa riwaya ya mwaka huu yenye jina geni kwenye jalada, hana pa kuanzia. Na shule yenyewe si mwamuzi asiyekosea. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971, mwandishi akiwa kijana aliyemaliza Chuo Kikuu muda si mrefu, ilipigwa marufuku shuleni. Baadaye ikaingizwa kwenye orodha ile ile iliyoikataa. Katika miaka ya katikati waliiweka hai wasomaji walioazimana nakala, wakaambiana kwamba kuna kitabu cha kusoma.

Tuzo nayo si jambo jipya. Muhammed Said Abdulla aliingia kwenye fasihi yetu kwa mlango huo: Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la Shirika la Maandiko la Afrika Mashariki la 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa, akapata wasomaji ambao hajawapoteza. Katika miaka yetu tumekuwa na tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na baadaye kuitwa Safal-Cornell, na tangu Aprili 2023 tunayo Tuzo ya Nyerere, ambayo mshindi wake wa kwanza huondoka na shilingi milioni 10. Nazipongeza zote mbili bila kinyongo. Fedha hizo zinamwezesha mwandishi kukaa chini na kuandika, na mpango wa serikali wa kuchapisha kazi zilizoshinda na kuzipeleka shuleni na maktabani ni mzuri.

Hata hivyo tuzo inamaliza kazi yake pale ambapo msomaji anaanza yake. Mwaka 2015 Anna Samwel Manyanza alipata zawadi ya kwanza ya riwaya ya Mabati-Cornell kwa Penzi la Damu, na Enock Maregesi akawa wa pili kwa Kolonia Santita. Magazeti yaliandika habari ya ushindi: nani, dola ngapi, nani alikabidhi. Habari ya riwaya zenyewe haikuandikwa kwa kina kama hicho. Msomaji aliyeko Temeke akajua kwamba kuna mtu ameshinda. Kwamba kitabu chake kinamhusu yeye, na kwa nini, hakuambiwa. Waliokosa kabisa nafasi ndio wengi zaidi, na miswada yao haina hata hiyo habari ya picha na bahasha.

Hapo ndipo ingetarajiwa sauti ya wahakiki. Nasi tumechelewa. Fungua majarida yetu ya kitaaluma, Kioo cha Lugha, Mulika na mengineyo, uone ni mara ngapi utakutana na Kezilahabi, Shaaban Robert na Said Ahmed Mohamed, na ni mara ngapi utakutana na mtu aliyechapisha riwaya yake ya kwanza miaka miwili iliyopita. Sababu zinaeleweka. Makala juu ya mwandishi mkubwa ina marejeleo ya kutosha, haimtishi msomaji-rika wa jarida, na inahesabiwa kwenye kupandishwa cheo. Makala juu ya mwandishi mgeni ni kamari: huenda asiandike tena. Lakini tunapokuwa tayari kumwandikia, baada ya miaka 20, kitabu chake kinakuwa hakipatikani tena, na tasnifu inatuama juu ya nakala moja iliyotolewa kivuli. Uhakiki wa namna hiyo unaandika historia ya fasihi, nao una heshima yake. Kumsaidia mwandishi aliye hai asome maoni ya watu kabla ya kuanza kitabu cha pili, hauwezi.

Pendekezo, basi, ni nini kitaaluma? Si kusema kitabu ni kizuri. Hilo hata mwenye duka anaweza kulisema, na ana haki. Pendekezo lenye hoja linamweleza msomaji mahususi kwa nini atumie fedha na jioni zake kwa kitabu hiki, linakiweka karibu na kile anachokijua tayari, na linataja kasoro waziwazi. Chukua Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, riwaya ya Zanzibar nayo yenye tuzo, inayohusu mamlaka ya baba ndani ya nyumba. Ningempa mtu aliyesoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), ambamo Bwana Maksuudi anamfungia binti yake Maimuna ndani kana kwamba ni mali. Ningemwambia azisome pamoja, ajiulize ni nini kinachobadilika mwanamke wa Zanzibar anaposhika kalamu kumsimulia baba wa aina hiyo. Swali hilo moja linafaa kuliko kurasa tano za sifa. Vivyo hivyo Kolonia Santita, yenye biashara ya dawa za kulevya inayotupeleka hadi Mexico, ningempa mpenzi wa Musiba, kwa onyo: Willy Gamba, jasusi wa Musiba, alikuwa na Afrika nyuma yake na uhuru wake wa kulindwa, jasusi wa leo anayezunguka dunia anapigania nini? Anayeona swali hilo halina jibu kwenye kitabu atakuwa amekisoma vizuri vilevile.

Sehemu nyingine ya pendekezo, ambayo wasomi huidharau, ni kusema kitabu kinapatikana wapi na kwa bei gani. Kwa waandishi wanaojichapishia, na ni wengi, duka ni namba ya simu iliyo nyuma ya jalada. Unatuma fedha kwa M-Pesa, kitabu kinakufuata kwa basi. Huu ni mtandao wa usambazaji, tusiuonee haya. Makala ya uhakiki inayomwacha msomaji na hamu ya kitabu asichoweza kukipata imemwonyesha chakula kupitia dirisha. Na kwa kuwa sheria inamtaka mchapishaji kuwasilisha nakala kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, mhakiki angeweza angalau kwenda Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi, akahakikisha kwamba kitabu anachokisifu kimefika rafuni.

Kuna pingamizi zito: kwamba mapendekezo ya wasomaji ni kusifiana kwa marafiki. Waandishi wa Dar es Salaam wanafahamiana, wanakutana kwenye uzinduzi uleule, na anayesifiwa leo ndiye atakayesifu kesho. Ni kweli. Nimekaa kwenye uzinduzi ambao wazungumzaji walimsifu mwandishi kwa saa nzima, na kwa jinsi walivyozungumza ilikuwa dhahiri kwamba kitabu hawajakifungua. Dawa yake ni masharti. Anayependekeza atie jina lake, aseme kama mwandishi ni rafiki, mwanafunzi au shemeji yake, ataje angalau ukurasa mmoja uliomchosha. Majarida hayaoni vigumu kudai masharti makali kuliko hayo kwenye kunukuu vyanzo. Pingamizi la pili, kwamba kitabu kinahitaji muda ili thamani yake ijulikane, nalikubali nusu. Muda huamua kati ya vitabu vilivyosomwa. Kisichosomwa muda haukihukumu, unakipoteza tu.

Ninachoomba kwa wahariri wa majarida yetu ni kidogo. Kila toleo litenge kurasa kwa riwaya zilizochapishwa ndani ya miaka miwili iliyotangulia na waandishi wasio na kitabu kingine, kila pendekezo lisizidi maneno 800, na kurasa hizo zihesabiwe kama kazi ya kitaaluma mwalimu wa chuo anapopandishwa cheo. Na wewe uliyefika hapa, kama kuna riwaya mpya uliyoimaliza mwaka huu ambayo hujaona popote ikiandikwa, iandikie wewe. Weka bei na namba ya simu ya mwandishi iliyo kwenye jalada, na usiache kutaja mahali iliposhindwa.