Nafasi Iliyoachwa Wazi

Tarehe 22 Oktoba 1454, mjini Erfurt, Ujerumani, muumini mmoja alipewa cheti cha rehema, yaani hati ya Kanisa ya kusamehewa adhabu ya dhambi. Mistari yake 31 ya Kilatini ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Jina la muumini na tarehe vikajazwa kwa kalamu katika nafasi zilizoachwa wazi. Katika chapa za Ulaya zilizopigwa kwa herufi za kupanga, hiyo ndiyo ya zamani kuliko zote yenye tarehe. Nayo ilikuwa fomu.

Constantinople ilikuwa imeanguka mwaka uliotangulia. Mfalme wa Cyprus alihitaji fedha za kujihami dhidi ya Waturuki, na Papa Nicholas V akaridhia vyeti hivyo vitolewe kwa waliochangia. Maneno yalikuwa yale yale kwa kila mtu, kwa hiyo mtambo wa chapa ulifaa mno.

Lakini wazo la fomu lilikuwepo muda mrefu kabla ya mtambo. Katika karne ya 7, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, mtawa Marculf alikusanya vielelezo vya hati: kutoa ardhi, kuuza mali, kumwacha huru mtumwa. Penye jina aliandika "fulani". Alikuwa amepita miaka 70, na mwenyewe alisema mkono unatetemeka na macho yamefifia. Alifanya hivyo ili vijana wapate pa kujifunzia. Kwangu mimi, mzee huyu anastahili heshima sawa na wavumbuzi wa mashine.

Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilitoa MT/ST, taipu ya umeme iliyounganishwa na utepe wa sumaku. Yenye tepe mbili iliweza kubeba barua kwenye utepe mmoja, na majina na anwani kwenye wa pili. Ikifika penye jina, ilichota kutoka utepe wa pili, kisha ikarudi kuendelea na barua, herufi kama 15 kwa sekunde. Karani hakulazimika tena kupiga upya ukurasa mzima. Programu za kompyuta zikarithi kazi hiyo: kifungu huhifadhiwa kwa jina fupi, ukibonyeza kinajitokeza chote.

Mashine hairuki neno, ila haijui kama kifungu kinamfaa anayetiliwa jina. Ukiletewa mkataba wa pango au mkopo, hakiki kwanza jina, kiasi na tarehe zilizojazwa. Kisha soma na vile vifungu vilivyoandikwa kabla hujafika, maana ukishatia sahihi vinakubana vyote.