Miji ya Makimbilio

Fikiri, ewe msomaji, kwamba watu wawili wameingia katika msitu wa Mau kukata kuni. Mmoja ainua shoka, na kabla halijashuka, chuma chachomoka katika mpini, champiga mwenziwe kichwani, naye afa papo hapo. Hawakuwa na ugomvi jana wala juzi. Lakini marehemu ana ndugu, na ndugu huyo apatapo habari atashika panga kabla ya kuuliza neno. Je, mkata kuni huyu atendewe nini?

Mfano wa shoka ni wa kale sana. Umo katika Kumbukumbu la Torati, kitabu cha sheria za Waebrania. Watu wa zama zile hawakuwa na polisi kama sisi. Mtu akiuawa, jamaa yake wa karibu ndiye aliyepaswa kumwandama mwuaji, naye aliitwa mlipiza kisasi cha damu. Sheria haikumwondolea wajibu huo, bali ilimwekea mpaka. Ilitengwa miji sita ya makimbilio, mitatu kila upande wa mto Yordani. Hebroni na Shekemu ilikuwa miongoni mwayo. Njia za kuiendea ilipasa zitengenezwe, ili mkimbizi asipatwe njiani. Alipofika alisimama langoni, akawaeleza wazee wa mji habari zake, nao wakampa mahali pa kukaa.

Lakini usidhani kwamba mji ule ulikuwa maficho ya waovu. Mkimbizi alihukumiwa mbele ya mkutano. Je, alimchukia marehemu? Je, alimvizia? Ushahidi wa mtu mmoja haukutosha kumpotezea mtu uhai wake. Ikionekana aliua kwa kusudi, alitolewa auawe, wala fidia haikupokewa, hata angekuwa tajiri namna gani. Ikionekana hakukusudia, aliokoka, ila alilazimika kukaa katika mji ule mpaka kuhani mkuu afe. Akitoka kabla ya hapo, mlipiza kisasi aliweza kumwua bila kuhesabiwa hatia. Hivyo hata ajali haikuwa jambo dogo, maana damu ilikuwa imemwagika.

Wazee wetu walishika njia nyingine. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake juu ya Wakikuyu kilichotolewa mwaka 1938, aeleza kwamba uhai wa mwanamume ulifidiwa kwa mbuzi au kondoo 100, ama ng'ombe 10, na wa mwanamke kwa mbuzi au kondoo 30, ama ng'ombe 3. Waebrania walikataa fidia ya mwuaji, Wakikuyu waliidai. Hata hivyo shabaha yao ilikuwa moja: panga lirudi alani kabla damu ya pili haijamwagika. Na Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1930, hutenga kuua kwa kusudi na kuua bila kusudi. Hakimu wa Nakuru leo huuliza swali lile lile lililoulizwa zamani: mtu huyu alikusudia nini?

Sasa twende karibu zaidi. Ulikuja uchaguzi wa Desemba 2007, na nchi yetu ikawaka moto. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa humo, wengi wao wanawake na watoto. Mwishoni mwa mwezi ule vijana waliingia katika mitaa ya Nakuru na Naivasha, wakisema wanalipiza kisasi. Je, waliwatafuta waliochoma kanisa? La. Waliwaua majirani ambao hawakuua mtu, si kwa kusudi wala kwa ajali. Kosa lao lilikuwa kabila lao tu. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika nchi nzima.

Pima mwenyewe. Mlipiza kisasi wa Waebrania, kwa ukali wake wote, alimwandama mtu mmoja, yule aliyeua, tena alisimama langoni akangoja wazee waamue. Wetu hawakungoja, wala hawakuuliza. Maelfu walikimbilia Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru na vituo vya polisi, nayo mahali hapo pakawa miji yao ya makimbilio, ingawa hawakuwa na damu yoyote mikononi.

Haraka haraka haina baraka, na haraka ya kisasi huzaa makaburi. Basi, ewe kijana, siku moja utaletewa habari mbaya ya ndugu yako, na rafiki zako watakuambia, "Twende!" Wewe uliza kwanza: Nani aliyetenda? Alikusudia? Nani aliyeona? Mtu aulizaye hivyo amekwisha kuwa lango la mji wa makimbilio, na pengine mtu asiye na hatia atapona kwa sababu yake.