Spika Zikivuma: Tafuta Chanzo, Usikate Waya wa Ardhi

Umeunganisha runinga, king'amuzi na amplifaya, na hata kabla mtangazaji hajasema neno, spika zinavuma mfululizo. Si lazima ziwe zimeharibika. Mara nyingi ni mvumo wa mzunguko wa ardhi.

Umeme wa majumbani Kenya ni volti 240, hezi 50. Amplifaya yenye plagi ya meno matatu huwa na njia yake ya kwenda ardhini. Waya wa antena au dishi lililofungwa kwenye mlingoti wa chuma unaweza kuleta njia nyengine. Njia hizo mbili zisipolingana, mkondo mdogo hupita kwenye waya wa sauti unaounganisha vifaa. Amplifaya huukuza, nawe ukasikia mvumo.

Kutafuta chanzo:

1. Shusha sauti hadi sifuri. Mvumo usipopungua, huenda kasoro iko ndani ya amplifaya. Mpelekee fundi.
2. Ukipungua, zima vifaa, chomoa waya wa antena au dishi, kisha washa tena. Mvumo ukiisha, njia ya pili ndiyo hiyo.
3. Ukiendelea, zima tena uchomoe nyaya za sauti mmoja mmoja, hadi umjue mkorofi.

Tiba:

- Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja ya ukutani, kupitia ekstensheni nzima. Haina gharama kubwa, na mara nyingi yatosha.
- Tumia waya wa optiki, ikiwa runinga na amplifaya zina tundu lake. Huo hupitisha mwanga, si umeme, kwa hivyo mzunguko hukatika.
- Weka kitenganishi, yaani kisanduku chenye transfoma ndogo, katikati ya waya wa sauti.

Wako watu ambao huukata ule waya wa kijani wenye mistari ya manjano ndani ya plagi. Mvumo huisha kweli, lakini kinga nayo huondoka. Siku waya wenye moto ukigusa kasha la chuma, fyuzi haitakatika, na kasha litabaki na volti 240 likimngoja mtoto aliguse.

Huku Pwani, hewa ya chumvi hula viungo vya chuma na shaba, hata vile vya waya wa ardhi nje ya nyumba. Kasha likikuchoma vidoleni, zima umeme, umwite fundi mwenye leseni apime. Mvumo ni kero tu. Kukosa ardhi ni hatari ya roho.