Jaribio Hili Linalinda Msimbo Upi?

Leo tupige historia kidogo, na tuanzie hapa hapa Mikindani. Kijijini Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichafua mtaa kwa madini ya risasi mpaka kikafungwa mwaka 2014. Watu walipimwa damu, na kesi ikafika mahakamani. Sasa fikiria majibu ya damu yasiyo na jina la mwenye damu. Daktari hawezi kumtibu mtu kwayo, na hakimu hawezi kuyapokea kama ushahidi. Maabara imefanya kazi yake, lakini uzi kati ya kipimo na aliyepimwa umekatika.

Kwenye programu tuna tatizo hilo hilo. Jaribio ni kipande kidogo cha msimbo kinachoita kipande kingine na kuuliza: umejibu sawasawa? Yakiwa kumi, utayakumbuka yote. Yakiwa elfu moja, na walioyaandika wamehama, nani atakwambia lipi linalinda nini?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1963 Joan Miller na Clifford Maloney walichapisha njia ya kupanga data za majaribio ili kila tawi la programu lipitiwe. Huo ndio mwanzo wa zana zinazotuambia leo kwamba asilimia fulani ya mistari imeguswa. Lakini kuguswa si kukaguliwa! Jaribio linaweza kupita juu ya mstari bila kuuliza kama jibu lake ni sahihi.

Mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma, wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, waliandika JUnit, chombo cha majaribio cha lugha ya Java. Desturi ikaenea: klasi ikiitwa Patient, majaribio yake yanaitwa PatientTest. Ni uzi, lakini mwembamba. Jina linakuonyesha nyumba, halikuonyeshi chumba.

Sasa turudi Kenya. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa tarakilishi, uliojengwa kwa Microsoft Access. Wagonjwa wa VVU waliongezeka, mfumo ukalemewa. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich walianza kuusuka upya. Ndipo ikazaliwa OpenMRS, programu huria iliyoandikwa kwa Java, iliyoanza kazi Eldoret Februari 2006. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini mwetu, imejengwa juu yake.

Programu huria ina baraka na mtihani wake. Msimbo unaguswa na watu wa nchi nyingi wasiojuana. Chukua kazi moja tu: kuunganisha faili mbili za mgonjwa aliyeandikishwa mara mbili. Ikikosewa, dawa za mtu zinaweza kupotea kwenye rekodi, au historia ya mmoja ikaingia kwa mwingine.

Wana OpenMRS wakabuni utaratibu. Juu ya kila kazi muhimu waliandika ahadi zake, kila ahadi na alama ya @should, yaani "inapaswa". Kwenye kazi ya kuunganisha, ahadi moja inasema mgonjwa asiunganishwe na yeye mwenyewe. Kisha juu ya jaribio wakaweka alama ya @Verifies, yaani "linathibitisha", ikirudia maneno ya ahadi na kutaja kazi inayohusika. Ukisoma ahadi unatafuta jaribio lake, ukisoma jaribio unajua linalinda ahadi gani. Kipimo kimepata jina la mwenye damu!

Lakini jina hilo lilikuwa maandishi matupu ndani ya alama za kunukuu. Ukibadilisha jina la kazi, Java haikulalamika na jaribio liliendelea kufaulu huku lebo ikitaja kitu kisichokuwepo. Baadaye mradi uliacha @Verifies, ukabaki na @see, rejeo ambalo kihariri cha msimbo kinaweza kulifuata na hata kulibadilisha pamoja na jina la kazi. Funzo la kwanza ni hilo: uzi unaoshikwa na mashine hudumu kuliko uzi unaoshikwa na kumbukumbu ya binadamu.

La pili ni la mwaka 1978, kutoka kwa DeMillo, Lipton na Sayward. Wao walisema: haribu msimbo kidogo kwa makusudi, halafu tazama kama majaribio yatagundua. Hata rejeo zuri haliwezi kuthibitisha kwamba jaribio linakagua chochote. Kuharibu kunathibitisha.

Basi ndugu msomaji, leo fungua mradi wako, tengeneza nakala, kisha chagua mstari mmoja unaobeba fedha au afya ya mtu. Geuza "kubwa kuliko" iwe "ndogo kuliko", uendeshe majaribio. Likipiga kelele lile lililotajwa, uzi upo. Likipiga kelele jingine, rekebisha lebo. Yakinyamaza yote, mstari huo hauna mlinzi, hata kama ripoti inasema umeguswa.

Tukutane tena, inshallah.