Dawa ya harusini: Jinsi ya kuiandaa mapema bila kuhatarisha wageni

WAHENGA walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika karamu nyingi za harusi, hata hivyo, mwenyeji ndiye huugua: wageni wamekwisha kuwasili, maharusi wangali wakipigwa picha, na nyuma ya hema vijana wawili wanahangaika kukamua ndimu huku foleni ikizidi kurefuka.

Tatizo hili huzikumba hasa familia zinazoamua kuwakaribisha wageni kwa kinywaji kimoja maalumu cha maharusi, mbali na soda na maji. Kinywaji hicho kikichanganywa glasi moja moja, hata mhudumu mwepesi anayetumia dakika moja kwa kila glasi atahitaji saa moja na dakika 40 kuwahudumia wageni 100.

Suluhisho ni kukiandaa mapema. Lakini si kila kiungo hukubali kutayarishwa mapema, na kinywaji kilichokwisha kuchanganywa huficha kilichomo ndani yake. Kwa hivyo, kamati ya harusi inapaswa kujua mambo mawili: saa ya kila kiungo, na namna ya kuhakikisha kwamba hakuna mgeni anayekunywa asichokijua.

Makala haya yanachukua mfano wa dawa, kokteli ya Kenya iliyopata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa jijini Nairobi mwaka wa 1980. Hutengenezwa kwa vodka, ndimu, asali na barafu, na huandamana na kijiti kilichopakwa asali ambacho mnywaji hukitumia kuponda ndimu na kukoroga. Muundo wake unakaribiana na ule wa caipirinha ya Brazil, ambayo hutumia sukari na pombe ya miwa.

Jina hilo hilo hutumiwa pia mikahawani kwa kinywaji cha moto cha tangawizi, ndimu na asali kisichokuwa na kileo chochote. Ndugu hawa wawili wanaifaa sana karamu: mmoja kwa wanaokunywa pombe, mwingine, akipozwa, kwa wasiokunywa.

Vipimo vya glasi 100

Glasi moja ya dawa ya karamuni huhitaji mililita 40 za vodka, mililita 20 za maji ya ndimu, mililita 30 za asali iliyoyeyushwa na mililita 30 za maji safi. Jumla ni mililita 120, kabla ya barafu.

Kwa glasi 100, hizo ni lita 4 za vodka, yaani chupa 6 za mililita 750 na kiasi kidogo kitabaki. Lita 2 za maji ya ndimu. Lita 3 za asali iliyoyeyushwa. Na lita 3 za maji. Ndimu moja ya wastani hutoa takriban mililita 20, hivyo nunua ndimu 120 ili zile kavu zisikuaibishe, na nyingine chache za kukata vipande vya kupamba.

Asali peke yake ni nzito na hukataa kuchanganyika na kinywaji baridi. Huzama na kuganda chini ya chombo. Iyeyushe kwanza kwa kiasi sawa cha maji ya uvuguvugu: lita moja na nusu ya asali, ambayo ni kama kilo 2.1, kwa lita moja na nusu ya maji.

Huenda msomaji akashangaa kwa nini maji mengine yanaongezwa. Kokteli ya glasi moja inapokorogwa na barafu, sehemu ya barafu huyeyuka na kupunguza makali yake. Mchanganyiko wa mapema haujapitia hatua hiyo. Bila maji hayo, mgeni wa kwanza atapewa kinywaji kikali mno. Kwa vipimo hivi, vodka yenye asilimia 40 ya kileo hutoa kinywaji chenye takriban asilimia 13, nguvu inayokaribia ile ya mvinyo.

Kwa dawa isiyo na kileo, acha vodka na yale maji ya lita 3, na mahali pake weka lita 7 za maji ya tangawizi. Chemsha nusu kilo ya tangawizi iliyopondwa katika lita 8 za maji kwa dakika 20, kisha chuja. Kiasi cha ndimu na asali hakibadiliki.

Ratiba ya kazi

Siku tatu kabla ya harusi, yeyusha asali na uihifadhi katika jokofu ndani ya chupa safi zilizofunikwa.

Siku moja kabla, chemsha tangawizi, ipoze upesi na uitie katika jokofu. Siku hiyo pia changanya vodka, asali na maji. Mchanganyiko huo hauharibiki kwa kulala usiku mmoja kwenye baridi.

Ndimu ndiyo isiyotaka kungoja. Maji yake hupoteza harufu na kuanza kuwa machungu kadiri saa zinavyopita, kwa hivyo yakamuliwe asubuhi ya harusi yenyewe, yachujwe na kuhifadhiwa kwenye baridi. Yatiwe katika mchanganyiko saa mbili tu kabla ya wageni kuhudumiwa.

Barafu huja mwisho kabisa, tena ndani ya glasi, si ndani ya mtungi. Ikitiwa mtungini, mgeni wa mwisho atakunywa maji ya ndimu. Mtungi wenyewe upozwe kwa kuzungushiwa barafu nje, na ukorogwe kila mara kabla ya kumimina, kwa kuwa ndimu hutuama. Kadiria nusu kilo ya barafu kwa kila mgeni, ikiwemo ya kupozea.

Barafu hiyo iwe imetengenezwa kwa maji salama ya kunywa, maana kuganda hakuui viini vyote vya magonjwa. Barafu iliyonunuliwa ya kupoza kreti za soda au samaki isiingie kwenye glasi.

Angalia pia chombo. Asidi ya ndimu hula sufuria za alumini na vyombo vya mabati, na madini ya zinki yanayotoka kwenye mabati yanaweza kuwatapisha wageni. Tumia vyombo vya chuma cha pua, kioo, au plastiki iliyotengenezewa vyakula. Vyote vifunikwe, kwani asali na ndimu katika bustani ni mwaliko kwa nyuki na nzi.

Usalama wa mgeni

Dawa mbili zikiwa katika mitungi hufanana: zote ni za rangi ya manjano hafifu. Asali na ndimu hufunika harufu ya vodka. Hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi ya kinywaji kilichoandaliwa mapema. Mama mjamzito, mtu anayetumia dawa za hospitali, aliyeacha pombe kwa taabu, mtoto, au muumini ambaye dini yake inamkataza kileo, anaweza kukinywa bila kujua.

Kwa sababu hiyo, mitungi iandikwe kwa herufi kubwa, iwekwe kwenye meza mbili tofauti, na glasi zake zisifanane. Dawa yenye kileo ipambwe kwa kipande cha ndimu, na isiyo na kileo kwa jani la mnanaa. Mshereheshaji atangaze tofauti hiyo kabla ya wageni kuanza kuhudumiwa. Mtungi wenye kileo uwe na mtu mzima mmoja wa kuusimamia hadi mwisho, na glasi zake zisizungushwe kwenye sinia.

Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka wa 2010 inakataza kumuuzia pombe mtu ambaye hajatimiza umri wa miaka 18. Karamuni hakuna anayelipa, lakini si sababu ya kumruhusu mtoto kuikaribia meza hiyo. Aidha, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe hata dawa isiyo na kileo, kwa sababu asali inaweza kubeba viini vinavyomdhuru vibaya mtoto wa umri huo.

Vodka inunuliwe katika duka lenye leseni, chupa zikiwa zimefungwa na zina stempu ya ushuru ya Mamlaka ya Ushuru (KRA). Bei nafuu ya mlango wa nyuma imewahi kuua. Mnamo Mei 2014 makumi ya watu walifariki katika kaunti kadhaa baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, na Februari 2024 maafa yalitokea tena Kirinyaga kutokana na pombe hatari. Sumu hiyo pia hupofusha, na kuionja hakutoshi kuitambua.

Kabla ya kununua chochote, uliza wenye ukumbi. Kumbi za makanisa kwa kawaida haziruhusu kileo, na hoteli nyingi hutoza ada kwa vinywaji vinavyoletwa kutoka nje. Katika harusi za Waislamu pombe haina nafasi. Huko dawa ya tangawizi inaweza kusimama peke yake kando ya sharubati, bila kupungukiwa na chochote.

Mwisho, jaribu vipimo hivi nyumbani wiki moja kabla, kwa glasi nne tu, na uwape wazee waonje. Ndimu hutofautiana kwa ukali na asali kwa utamu. Ni heri kurekebisha jikoni kuliko mbele ya wakwe. Siku ikifika, kazi itakayobaki ni kutia barafu na kumimina, na mwenyeji atapata nafasi ya kuketi na wageni wake.