George Mukabi: Staa wa gitaa wa Kakamega aliyeuawa 1963, na kwa nini bado tunamlilia

Ukienda matanga upande wa Khwisero ama Butere, kuna saa inafika, kama saa nane usiku hivi. Jenereta inakohoa, chai imeisha, vijana wameanza kulala kwa viti vya plastiki. Hapo ndo utaskia mzee mmoja ameuliza dijei: "Kijana, huna ya Mukabi?" Dijei anaangalia laptop yake kama mwanafunzi ameulizwa hesabu. Hana.

Hii kitu niliiona live kwa matanga ya kuka yangu. Buda alikuwa anapenda Mukabi vibaya sana, na sisi wajukuu hatukuwa na hata ngoma moja kwa simu. Tukajaribu kutafuta, network ya ushago ikatuchezea shere. Mwishowe mzee wa rika lake akaokota chupa ya soda na msumari, akaanza kugonga. Mwingine akaimba. Bila spika, bila maiki. Watu wakaamka mmoja mmoja, na kukhu, mwenye hakuwa ameongea siku mbili, akaanza kuimba pia.

Nilishikwa na aibu. Mimi nilikuwa najua Kurt Cobain alidedi mwaka gani (1994) na gitaa yake ilikuwa ya aina gani. Lakini msee aliyebadilisha gitaa ya Kenya, na ametoka mahali naweza fika na nduthi, nilikuwa namjua jina tu.

Kama na wewe uko hivyo, usijali. Soma hii, save, tumia mbogi yako.

Mukabi ni nani?

George Mukabi ni mtu wa Kisa, sehemu ambayo leo iko Khwisero, kaunti ya Kakamega. Alivuma mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, wakati santuri ndio ilikuwa kila kitu na redio ilikuwa ya mwalimu, chifu na mwenye duka. Aliimba kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao, ndo maana ngoma zake zilitoka Kisa zikafika Nairobi na kwingine bila kuhitaji mtu wa kutafsiri.

Ngoma yake inayojulikana zaidi ni "Sengula Nakupenda". Nyingine utaskia wazee wakitaja ni "Mtoto si Nguo". Hata hilo jina la pili peke yake linakuonyesha alikuwa msanii wa aina gani. Haikuwa tu kudunda. Alikuwa anaongea na watu kuhusu nyumba zao: mapenzi, watoto, umaskini, tabia.

Kumbuka hapo ni wakati Chuck Berry alikuwa anawasha Marekani na gitaa ya umeme. Mukabi alikuwa na gitaa kavu, ile ya mbao, na bado wasee walikuwa wanachizi.

Omutibo ni nini?

Hii ndo sehemu muhimu. Mtindo wa Mukabi unaitwa omutibo. Ukiskiza mara ya kwanza utadhani ni magitaa mawili. Ni moja.

Iko hivi: dole gumba linapiga nyuzi nene za juu, linashika besi na mwendo. Kidole cha shahada kinacheza nyuzi nyembamba za chini, ndo kinaimba ule wimbo. Vidole viwili, kazi ya watu wawili. Halafu kabla ya kuanza kuimba na katikati ya beti, gitaa inapewa nafasi iongee peke yake. Hapo ndo mtu hujua kama wewe ni mkali ama unajaribu tu.

Mwendo wenyewe umebeba isukuti, ile ngoma ya Waluhya. Ndo maana mtu wa Kakamega akiskia omutibo mabega yanasonga kabla kichwa hakijajua.

Wapiga gitaa wa Kenya wa enzi hizo walikuwa wanaskiza sana wakali wa Katanga, Congo, hasa Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka wa 1952. Wakongo hao wa gitaa kavu walikuja hadi Nairobi. Vijana wa Magharibi walichukua vidole vya Katanga, wakaweka damu ya kwao ndani. Mukabi ndiye jina linalotajwa kwanza kila mara hiyo mada ikianza.

Na hiyo chupa ni ya nini?

Ile chupa mzee alichukua kwa matanga ya kuka haikuwa mchezo. Chupa ya Fanta ya zamani, ya glasi, ilikuwa na mikunjo ubavuni. Ukigonga na ukikwaruza kwa chuma, inatoa sauti kali ya kushika mwendo. Pesa ya ngoma hauna? Kunywa soda, una ngoma.

Wenye walipeleka hiyo chupa mbali kabisa ni Abana ba Nasery wa Bunyore: Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola. Bunyore iko Vihiga, lakini hadi 1990 Vihiga yote ilikuwa ndani ya wilaya ya Kakamega, kwa hivyo hao ni wetu, usibishane. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walirekodi Uingereza na wanamuziki wa huko, wakiwemo wa bendi ya folk rock ya Oysterband. Chupa ya Fanta kutoka Bunyore ndani ya studio ya Wazungu. Noma.

Aliaga vipi?

Mukabi aliuawa mwaka wa 1963, baada ya ugomvi wa kifamilia. Mwaka huo huo Kenya ilipata uhuru. Story za siku yenyewe ni nyingi na kila mzee ana yake, kwa hivyo sitaongeza chumvi hapa. Inatosha ujue kwamba hakuugua wala hakuzeeka. Alikatwa katikati ya wimbo.

Mwanawe, Johnstone Mukabi, alikuwa bado mtoto. Alipokua alishika gitaa na kuendeleza omutibo wa babake. Hebu fikiria hiyo. Babako unamjua kwa santuri, kwa hivyo unajifunza kuongea na yeye kwa vidole.

Rock ya Uingereza ilivyokopa kutoka kwetu

Huwezi ongea kuhusu gitaa ya Magharibi bila Daudi Kabaka. Yeye alizaliwa 1939 kule Kyambogo, Uganda, lakini asili yake ni Vihiga. Mukabi alikuwa na gitaa kavu, Kabaka akachukua ya umeme na twisti, akiwa na Equator Sound Band pale Nairobi, pamoja na Fadhili William na Wazambia kama Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi.

Ngoma zake unazijua hata kama hujui unazijua: "Harambee Harambee", "Msichana wa Elimu", "Pole Musa". Na "Helule Helule" ilichukuliwa na The Tremeloes wa Uingereza mwaka wa 1968, ikafika nambari 14 kwa chati za huko. Kijana wa London alikuwa anaruka na ngoma ya mtu wa Vihiga bila kujua.

Mwaka wa 2001 ulikuwa mbaya. Fadhili William wa "Malaika" aliaga Februari. Kabaka akafuata tarehe 26 Novemba. Ukiuliza wazazi wako, watakuambia redio ilicheza zilizopendwa hadi ikakuwa kama nyumba nzima iko matanga.

Pesa za ngoma za marehemu huenda wapi?

Hapa ndo inauma, na ni vizuri ujue, hasa kama wewe mwenyewe ni msanii.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema utunzi wa muziki unalindwa maisha yote ya mtunzi, halafu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliokufa. Rekodi yenyewe inalindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Piga hesabu:

Mukabi alikufa 1963. Ongeza 50. Ulinzi wa tungo zake hapa Kenya uliisha pamoja na mwaka wa 2013.

Kabaka alikufa 2001. Ongeza 50. Tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2051, na anayelipwa ni yule anayeshikilia haki, ambaye si lazima awe familia. Inategemea msanii alisaini nini.

Maana yake ni kwamba leo ukichukua wimbo wa Mukabi uufanyie drili ama gengetone, hapa Kenya sheria haikushiki kwa utunzi. Nje sheria ni tofauti, kwa hivyo uliza kwanza. Lakini sheria ni kitu kimoja na heshima ni kingine. Mtu akikupa moto hauwezi pita kwao bila kubisha hodi. Taja jina lake, na kama ngoma imeingiza kitu, tafuta wa kwao.

Na kama unaandika ngoma zako mwenyewe, soma karatasi kabla ya kusaini, na usajili kazi yako KECOBO. Wajukuu wako watakushukuru.

Kakamega hulia kwa ngoma

Kuna watu hudhani kulilia msanii ni kuweka picha nyeusi na nyeupe kwa status na emoji ya mshumaa. Wazungu huenda hadi kaburi la Jim Morrison pale Paris, na jamaa aliaga 1971. Sisi tuna njia yetu, na ni ya zamani kuliko rock.

Isukuti ya Isukha na Idakho hupigwa kwa furaha na pia kwa kilio. Ngoma zenyewe huja tatu: ya kiume, ya kike na ya mtoto, yaani familia nzima inakuja kukulilia. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Hiyo sio tuzo ya kujigamba, wasee. Ni kama kulazwa ICU. Wapigaji wanazeeka, na wa kurithi ni wachache.

Disko matanga nayo serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na sababu ziko: watoto wa shule usiku wa manane, na mambo mengine mabaya hutokea hapo. Siitetei. Lakini ile saa ya mzee kuomba ngoma ya marehemu, hiyo tusiizike na hiyo disko. Hapo ndo mtu huagwa kabisa.

Fanya hivi kabla mzee wako hajaenda

Moja. Uliza kuka na kukhu ngoma tatu wanazopenda. Tatu tu. Andika majina. Uliza pia waliiskia wapi mara ya kwanza, hapo ndo story iko.

Mbili. Warekodi wakiimba kwa simu. Usingoje studio. Zima redio, funga mlango, weka simu kama mita moja kutoka kwa mdomo, na umwambie ataje jina lake, siku na mahali. Halafu tuma nakala kwa watu wawili, simu huibiwa.

Tatu. Zile kaseti ziko chini ya kitanda, usitupe. Zitoe kwa unyevu na jua. Ukipata redio ya kaseti inayofanya kazi, unganisha waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwa kompyuta na urekodi. Cheza ile mbovu mwisho, isichafue mashine.

Nne. Ukiwa Nairobi, pitia Melodica pale Tom Mboya Street, ama Real Vinyl Guru ndani ya Kenyatta Market. Hao watu wanajua santuri. Ketebul Music pia wamefanya kazi kubwa ya kufuatilia muziki wa zamani wa Kenya. Na Mississippi Records ya Marekani ilitoa albamu ya Mukabi, "Furaha Wenye Kiwele". Ndio, Mmarekani ana Mukabi kwa rafu yake na dijei wa Khwisero hana.

Tano. Ukiwa dijei, download leo, ukiwa town na network iko fiti. Weka folda, iite "Wazee". Ngoma kumi zinatosha. Ipo siku mtu atakuja mbele yako saa nane usiku, macho mekundu, aombe moja.

Sisi kwetu tulichelewa. Kuka alienda bila Mukabi kwa spika. Lakini ile chupa niliibeba, bado niko nayo kwa keja, na jioni zingine naigonga nikijaribu kufuata ule mwendo. Sijaweza bado. Dole gumba linakubali, kidole cha shahada kinakataa.

Sasa nenda ukaskize "Sengula Nakupenda". Halafu pigia mzee wako simu, umuulize alikuwa wapi siku aliiskia mara ya kwanza.